Nguo Nyekundu na Mwezi wa Hamimu

Ukiuliza mtaani kwetu Bwiza habari za Hamimu fundi wa taa, watakuambia ni mtu mpole, mtu wa subira, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Sawa. Wao hawakuolewa naye. Niliyeolewa naye ni mimi, Zubeda, fundi wa cherehani, na hiyo subira wanayoisifia niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimejibanza nyuma ya dirisha la shule, mwaka wa sita wa uhuru, na wala haikuwa inatolewa kwangu.

Nimpe kwanza haki yake. Hamimu alizaliwa Buyenzi, njia ya pili kutoka kwa wazazi wangu, baba yake Mmanyema aliyeuza ngozi. Angali kijana aliajiriwa na Mbelgiji mmoja aliyetengeneza umeme wa maghala kule karibu na bandari. Alianza kwa kubeba ngazi. Wazungu wa wakati ule, mji ungali unaitwa Usumbura, walipenda michezo ya kuigiza. Jumamosi walivaa mavazi ya wafalme wao wa zamani wakapigiana kelele jukwaani. Yule Mbelgiji ndiye aliyewapangia taa, na Hamimu ndiye aliyepanda juu kuzifunga. Kukaa chini kutazama hakuruhusiwa. Alitazamia hukohuko juu kwenye mbao, ndiyo maana mpaka leo waigizaji wa zamani anawakumbuka kwa vipara vyao.

Uhuru ulipoingia, Mbelgiji alifungasha. Alimwachia Hamimu ngazi, bisibisi sita, na sanduku la bati lenye taa nne kubwa za jukwaani. Hamimu akapata kazi ya kutengeneza nyaya kwenye sinema moja mjini, na zile taa akazilaza chini ya kitanda chetu. Miaka sita nimefagia nikizizunguka. Nikigusa sanduku, kelele. Nikiuliza ndani kuna nini hasa, ananiambia, “Kazi.”

Basi mwaka huo wa sitini na nane, mwezi wa kwanza, shule moja ya sekondari ikamwita. Kila Alhamisi alasiri awafundishe wanafunzi kupanga taa za jukwaani, maana walikuwa wanatayarisha mchezo wa kufunga mwaka, mbele ya wazazi na wakubwa, siku chache kabla ya sikukuu ya uhuru. Mume wangu, ambaye barua za jamaa zake wa mbali namwandikia mimi, akaanza kuitwa Monsieur. Alhamisi ya kwanza alirudi kifua mbele, akaomba apigiwe pasi shati.

Alhamisi ya pili akachukua vyungu vyangu viwili. Vyungu vya kupikia! Nikamuuliza vya nini.

“Vya kufundishia watoto,” akasema. “Na chumvi, Mama Ramazani. Ongeza chumvi.”

Ramazani ni mtoto wetu wa kwanza, hivyo ndivyo anavyoniita akiwa na haja. Nikampa chumvi. Hakuniambia chungu na taa vinakutana wapi, akaenda zake. Nami jioni hiyo nilichemsha maharage ndani ya sufuria ya chai.

Kisha likaanza jina. Spéciose hivi, Spéciose vile. “Ule mutoto iko na mukono, Mama Ramazani! Taa inaamuka pole-pole, sawa asubuhi.” Anakula bugali, Spéciose. Anafunga kamba ya kiatu, Spéciose. Mimi nimemzalia watoto wanne, nimemshonea kila suruali aliyovaa, na sijawahi kusikia kwamba nina mkono.

Nilikuwa na wivu. Nasema wazi, sioni haya.

Jirani yangu Mawazo, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, hakunisaidia. “Zubeda, we unalala?” akaniambia akiwa ameweka beseni lake barazani kwangu. “Bwana yako anataja jina ya musichana mara kumi mu siku, na we unapika tu?”

“Ni mwanafunzi wake.”

“Ee! Na mi sikukuwaka mwanafunzi? Baba ya watoto yangu alikuwa mwalimu ya nani?”

Alhamisi iliyofuata nilijifunga kitenge kizuri, nikasema napeleka nguo ya mteja mjini, nikamfuata. Nilizunguka nyuma ya ukumbi wa shule, nikapata dirisha lililozibwa kwa blanketi lisilofika chini, nikachungulia.

Wanafunzi walikuwa kumi na watatu, wasichana na wavulana, kwenye mabenchi. Huyo Spéciose nilimtambua mara moja kwa sababu alikuwa amesimama penye vyungu vyangu: msichana mrefu, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya. Hakumtazama Hamimu hata mara moja. Alitazama taa. Na Hamimu hakumtazama yeye, naye alitazama taa. Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu, akarudi nyumbani.

Nilibaki. Hapo ndipo nilipoelewa vyungu ni vya nini. Ndani kuna maji ya chumvi na vibati viwili, kimoja kimelala chini, kingine kinaning'inia kwa kamba. Umeme unapita kwenye maji. Ukishusha kibati cha juu, taa inaongezeka mwanga, ukikipandisha, inafifia. Mvulana mmoja wa benchi la nyuma hakuelewa. Hamimu akamweleza tena. Mvulana akatikisa kichwa. Hamimu akamweleza mara ya tatu, kwa mfano wa bomba la maji. Mara ya nne akamshika mkono, akaushusha pamoja naye, akisema, “Usiogope, kijana yangu. Hakuna ulizo ya bure. Uliza tena.”

Hakuna swali la bure! Mimi nilipomuuliza kwa nini waya wa pasi yangu unatoa cheche, alinijibu, “Acha, kuranti itakuua, kazi yako ni cherehani.” Nilipouliza mara ya pili alifoka mpaka mtoto akaamka. Sauti ile ya dirishani, laini, isiyo na haraka, nilikuwa siijui. Miaka kumi na mitatu nimeishi na mtu na sikujua ana sauti hiyo. Ningemfumania na mwanamke ningejua la kufanya: ningepiga yowe, Mawazo angekuja mbio, tungemvua yule mwanamke kilemba chake. Lakini utamfumaniaje mtu na subira?

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Alhamisi nyingine nikaenda tena. Na nyingine. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mwezi wa tano mchezo ukahitaji fundi wa nguo. Mwalimu aliyeuongoza, Mademoiselle Adélaïde, mwanamke wa Kirundi aliyesomea kwa masista na anayetembea kama amebeba yai kichwani, alimuuliza Hamimu kama anamjua mtu. Akasema, “Bibi yangu anashona.” Hivyo tu, kama mtu anayesema kuku wetu anataga. Lakini nikafurahi. Kazi yangu itaonekana na wakubwa wote wa mji, na siku hiyo labda mume wangu naye ataiona.

Nilielezwa mchezo. Msichana anaolewa mchana, jua kali, furaha. Mumewe anasafiri kwenda Uvinza kuleta chumvi. Usiku wa mwezi bibi harusi anamngoja, angali na nguo yake ya arusi, anacheza peke yake. Halafu anakuja mjumbe: mume amekufa njiani. Mchezo unaisha hapo. Nguo ni hiyohiyo moja mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo kila jicho litakuwa juu yake.

Nikanunua kitambaa chekundu. Si chekundu cha kufanyia mzaha. Chekundu cha kumfanya mtu asimame njiani. Wiki tatu niliishona. Mikunjo kiunoni, mikono mipana, pindo la ndani nililoshona kwa mkono. Ilitandazwa sebuleni kwetu kila jioni na Hamimu aliiruka akienda kunawa. Usiku mmoja hata aliishika akasema, “Nzito.”

Siku ya majaribio wakamvalisha msichana mwigizaji. Taa za manjano, jua la arusi: wallahi watu walishangaa. Mademoiselle alipiga makofi. Mimi nimesimama pembeni, pini mdomoni.

“Mwezi!” akaita Hamimu kutoka kwenye ngazi.

Spéciose akateremsha mbele ya taa karatasi moja ya zile zao ngumu zinazopitisha mwanga, jelatini wanaziita. Hii ilikuwa ya buluu iliyochanganyika na kijani. Na nguo yangu ikafa. Sijui niseme vipi. Nyekundu yote ilitoweka, ikawa nyeusi, nyeusi ya mkaa, mikunjo haionekani, kiuno hakionekani. Mvulana wa benchi la nyuma akacheka, “Bibi harusi ameungua!”

Mademoiselle akanijia. “Mama Zubeda, nguo ni nzuri sana. Lakini haifai. Mutu ataona mujane mbele habari ya kifo haijafika. Tutaazima nguo nyeupe kwa masista.”

Na Hamimu? Hamimu juu ya ngazi alikuwa anafundisha. “Munaona? Nilisema nini mwezi wa tatu? Nyekundu mu mwanga ya kijani inafanya nini?”

Mikono kumi na mitatu ikapanda juu. “Inakufa, Mwalimu!”

Wote wanajua. Hata yule wa mara nne anajua. Siku ya somo hilo nilikuwa nyumbani na mtoto mwenye surua. Nikatoa pini mdomoni.

“Baba Ramazani,” nikamwita, mbele yao wote. “Hii nguo nimeishona nyumbani kwako wiki tatu. Uliiona?”

“Niliiona.”

“Ulijua itakufa?”

Akajikuna kichwa kwa bisibisi. Wallahi alikuwa anafikiri kweli. “Ningeulizwa, ningesema,” akajibu. “Sikufikiria.”

Ningependa angekuwa amefanya makusudi. Mtu akikukomoa, angalau amekukumbuka. Nikamgeukia Mademoiselle nikamwomba anipe mpaka Jumatano, na kama sitaleta dawa, nguo yangu itolewe, nitanyamaza. Akakubali kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko kicheko cha yule mvulana.

Nyumbani sikumsemesha Hamimu. Nilimwekea chakula, nikaondoka. Naye akadhani naumwa kichwa.

Jumamosi saa sita mchana, Hamimu hayupo, akaja Byamungu, Mkongomani mmoja anayeendesha mashine ya picha kwenye sinema yao. “Shemeji, bwana aliniomba hizi,” akasema, akanipa bahasha ya jelatini chakavu. Nikamkaribisha maji, akanywa amesimama mlangoni, akaenda zake. Mimi nikabaki na bahasha mkononi. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikafunga dirisha la bati. Bati lile lina tundu la msumari, na jua la saa sita linapita pale kama uzi. Nikatandika kipande cha kitambaa changu chini ya ule uzi, nikaanza kupitisha karatasi moja moja.

Manjano: nzuri. Buluu-kijani: imekufa. Nyekundu juu ya nyekundu: imefifia mpaka inaonekana imefuliwa sana. Nilijaribu na vitambaa vyote vya kapuni, jasho linanitoka. Mawazo akagonga mlango.

“Zubeda! Juu ya nini umejifungia muchana? Byamungu ametoka hapa sasa hivi!”

“Nina kazi!” nikamjibu. Sikuwa na muda wa Mawazo.

Kisha nikapata zambarau. Chini ya zambarau chumba kilikuwa na usiku, usiku kabisa, lakini kitambaa changu kilikaa chekundu, chekundu cha ndani, cha damu. Nikasema, haya, huu ni mwezi pia. Nani aliwaambia mwezi una rangi moja? Na nikiwa bado naishika zambarau, nikaisogeza taratibu na kuingiza ile buluu-kijani nyuma yake, kitambaa kikageuka mbele ya macho yangu. Kilikuwa hai, halafu kikawa maiti, na hakuna aliyekigusa. Kwetu Waislamu mjane anakaa eda na nguo nyeupe, lakini watu wa shule ile ni Wakatoliki, kilio chao ni cheusi. Nikaona jukwaa zima. Nikamwona yule msichana akisikia habari ya kifo na arusi yake ikigeuka kilio mwilini mwake. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu.

Jumatatu nilimngoja Spéciose penye geti la shule. Nilikwenda nimejikaza kumchukia. Nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta, akanisikiliza mpaka neno la mwisho, halafu akauliza, “Mama, ulifanya namna gani?” Nikamwonyesha palepale kwa karatasi na pindo la kitenge changu, tumechuchumaa juani kama watoto wanaocheza. Aliuliza maswali sita. Nikayajibu yote sita, na nilijisikia natoa ile sauti, ile ya dirishani, laini, isiyo na haraka. Kumbe na mimi ninayo.

Jumatano, Hamimu yuko sinema, tulimwonyesha Mademoiselle. Alitoa leso, akasema nguo nyeupe zirudishwe kwa masista.

“Tumwambie Mwalimu Hamimu?” Spéciose akauliza.

“Ataona siku yenyewe,” nikasema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, madirisha yamezibwa kwa blanketi, joto la kuoka mkate. Wakubwa mbele, wazazi nyuma. Hamimu aliketishwa safu ya pili, koti la kuazima, kwa sababu siku hiyo wanafunzi walifanya wenyewe. Nilisimama ukutani, nikamtazama yeye, sikutazama jukwaa.

Arusi ikapita. Ulipofika mwezi, ikaingia zambarau. Nilimwona anashtuka. Akainua kichwa juu kwenye mbao, akanyoosha shingo. Hakuwa amewafundisha hiyo. Bibi harusi anacheza, mwekundu katikati ya usiku. Mjumbe akaingia, akasema maneno yake ya Kifaransa, na Spéciose akaanza kusogeza karatasi, taratibu, taratibu, na nguo yangu ikafa kuanzia begani mpaka chini. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, “Yampayinka, Mana!” Mungu wangu. Halafu makofi, mpaka vumbi la blanketi likaanguka.

Wakamjia Hamimu. Wakubwa, mapadri, wazazi, wanamshika mkono. “Monsieur Hamimu, félicitations! Ile nguo! Ile kifo!” Naye anashika mikono. Mmoja baada ya mwingine, anashika, anainamisha kichwa, “Merci, merci.” Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakusema, “Si mimi.” Mademoiselle alijaribu kunivuta mbele, nikakataa. Nilitaka anivute yeye. Kama kuna siku nimemwonea mtu wivu, ni siku hiyo, wivu wa kumwona mume wangu mwenyewe amevaa sifa yangu na imemkaa vizuri.

Tulitembea mpaka Bwiza. Jua lilikuwa bado halijazama. Nyumbani alivua koti, akalikunja, akakaa, asiguse chakula.

“Mama Ramazani,” akasema. “Ile zambarau. Spéciose ameniambia ni we.”

“Ni mimi.”

“Nani alikufundisha?”

Moyo wangu, mjinga ule, ulifunguka. Nilidhani sifa inakuja, imechelewa njiani tu. “Hakuna mtu,” nikasema, natabasamu kabisa.

“Usinidanganye. Kintu kama ile mutu haamuki asubuhi akakijua. Mi imenichukua miaka.” “Mawazo ameniambia. Jumamosi ile Byamungu alikuwa hapa, mi sipo, na mulango umefungwa muchana. Ni yeye? Sema tu. Ni Byamungu?”

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaona kwamba sicheki tena.

“Hamimu,” nikamwambia, “ungeniuliza nilijuaje, ningekufungia dirisha hili sasa hivi, nikakuonyesha mpaka uelewe, hata mara nne. Umeniuliza ni nani. Miaka kumi na mitatu nalala ubavuni kwako, na imekuwa rahisi kwako kuamini nina mwanamume kuliko kuamini nina akili.”

Ule wivu ulionila tangu mwezi wa kwanza ulinitoka palepale, nikauona umehamia kwake, umekaa usoni pake na koti lake mapajani. Wallahi sikumhurumia. Nilisukuma sahani yake karibu, nikamwambia ale, chakula kinapoa.